"Depilate" na "epilate": unywele ukatwe, au ung'olewe na mzizi wake?

Ukisoma maelezo ya vifaa vya kuondolea nywele utayakuta maneno mawili ya Kiingereza yaliyotofautiana kwa herufi moja tu: "depilate" na "epilate". Hiyo d ya mwanzo ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama ulaini wa ngozi utadumu siku mbili au wiki nne, kama utaumia au hutaumia, na kama mtaalamu wa leza atakupokea leo au atakuambia urudi mwezi ujao.

Kwa wataalamu wa ngozi, "depilate" ni kuondoa sehemu ya unywele iliyo juu ya ngozi na kuuacha mzizi mahali pake. Wembe hufanya hivyo, mashine ya kunyolea hufanya hivyo, na krimu ya kuondolea nywele imo kundi hilo hilo, ingawa yenyewe haikati bali inayeyusha. "Epilate" ni kuutoa unywele mzima na mzizi wake: kwa kibano, kwa nta, kwa sukari iliyochemshwa na limau, kwa uzi, au kwa ile mashine ya umeme yenye vibano vidogo vidogo vinavyozunguka. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika sana hapa, maana tofauti hiyo anayo tayari: kunyoa ni jambo moja, kunyonyoa ni jambo jingine. Kuku hunyonyolewa, hanyolewi.

Shida ni kwamba wenye Kiingereza wenyewe hawaushiki mpaka huu. Maneno yote mawili yanatokana na Kilatini pilus, yaani unywele, na viambishi vyake vya mwanzo vyote viwili vina maana ya kutoa au kuondoa. Ukiyachambua hutapata humo habari yoyote ya mzizi. Mgawanyo umeletwa na mazoea ya kitaalamu tu. Kamusi nyingi za kawaida hueleza "depilate" kuwa ni kuondoa nywele, basi, bila kusema zimeondolewaje. Ndiyo maana utakuta nta ikiuzwa kwa jina la "depilatory wax" ilhali nta inang'oa. Kihispania nacho kina depilación, neno linalobeba kila kitu kuanzia krimu hadi kibano cha nyusi na leza. Kifaransa kimeegemea upande wa pili: épilation ndilo neno la jumla, na krimu ndiyo hubaki kuitwa dépilatoire.

Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye boksi lisikuamulie. Uliza swali moja tu: mzizi unatoka au unabaki?

Madaktari wa macho hawawezi kufanya mzaha na swali hilo. Kope moja (unywele wenyewe, si kifuniko cha jicho) ikigeukia ndani na kuanza kukwaruza jicho, huing'oa, na wao huita kazi hiyo "epilation" bila kuchanganya. Kuikata hakusaidii, kwa sababu kisiki kifupi kinachobaki ni kigumu na hukwaruza kuliko kope nzima. Watengenezaji wa ngozi za wanyama wako upande wa pili. Kuondoa manyoya ya ngozi kwa chokaa na salfaidi kabla ya kuifanya iwe ya viatu huitwa "depilation", na kemia yake ina undugu wa karibu na ya krimu unayopaka miguuni. Nitairudia kemia hiyo, maana ndiyo inayowaunguza watu.

Chini ya ngozi

Unywele tunaouona hauna uhai. Ni keratini tupu, yaani protini ngumu, na ndiyo sababu wembe hauumi usipogusa ngozi. Uhai uko chini, kwenye kinyweleo, kile kitundu ambamo unywele huumbwa. Ukikata juu, huko chini hakuna kilichobadilika. Unywele unaendelea kusogea juu siku hiyo hiyo, na baada ya siku moja hadi tatu kidole kinaanza kuhisi vichomo. Ukiung'oa, kinyweleo kinalazimika kuumba unywele mwingine tangu mwanzo. Hapo unapata wiki tatu hadi sita, kutegemea sehemu ya mwili na mtu mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa nta hawalielezi vizuri. Kila unywele hupitia awamu tatu: kukua, kusinyaa, kisha kupumzika kabla ya kudondoka. Kichwani awamu ya kukua huchukua miaka 2 hadi 6, na wengine zaidi, ndiyo maana nywele za kichwa hurefuka. Za nyusi hukua mwezi mmoja au miwili hivi kisha husimama. Na nywele zote haziko kwenye awamu moja kwa wakati mmoja. Siku unayobandua nta, kuna ambazo bado ziko chini ya ngozi, na hizo zitachomoza wiki inayofuata. Mtu huziona akasema nta haikufanya kazi. Ilifanya, hizi ni nyingine. Ukirudia baada ya wiki nne, na tena baada ya nne nyingine, nyingi zaidi huanza kwenda pamoja na matokeo huwa ya kuridhisha zaidi.

Na kabla hatujaendelea, tuuzike ule uvumi kwamba wembe hunenepesha nywele. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani Mildred Trotter alichapisha matokeo ya kuwachunguza wanaume wanne walionyoa kwa utaratibu maalumu, na hakuona kwamba kunyoa kunabadilisha unene wala kasi ya ukuaji. Tafiti za baadaye hazikupindua hilo. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huishia na ncha nyembamba. Ukikatwa katikati, ncha inakuwa butu na pana, na kidole kinausoma kuwa mnene. Kwa hiyo kama sababu yako ya kuukimbia wembe ni hiyo peke yake, huna sababu.

Wembe na krimu

Upande wa juu ya ngozi una faida ambazo hazihitaji maelezo marefu: ni rahisi, ni wa haraka, na unaweza kuufanya wakati wowote, hata kama nywele zimeota nusu milimita. Wembe uwe mkali na safi, ngozi iwe imelowa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache ili nywele zilainike, na upite kufuata zinakolala. Mengine ni mazoea.

Krimu ndiyo inayotaka umakini. Kiini chake mara nyingi ni chumvi ya asidi ya thayoglikoliki ndani ya mchanganyiko wenye ukali wa alkali, pH inayokaribia 12. Keratini ya unywele imeshikiliwa na viungo vingi vya salfa. Dawa hii huvivunja, unywele ukawa kama ute, ukafutika kwa kitambaa. Ile harufu mbaya hutokana na salfa hiyo. Lakini ngozi nayo ina keratini. Tofauti ni kwamba ya unywele ina viungo hivyo kwa wingi zaidi, kwa hiyo huvunjika mapema, na hizo dakika chache zilizoandikwa kwenye maelezo, mara nyingi kati ya 3 na 10, ndiyo nafasi pekee kati ya unywele kuyeyuka na ngozi kuungua. Anayeiacha "kidogo zaidi ili ishike vizuri" anaichezea ngozi yake. Jaribu kwanza kiasi kidogo sehemu moja na usubiri saa 24. Krimu ya miguu usiipake usoni, usiipeleke karibu na macho wala kwenye sehemu laini za siri, na usiitumie juu ya kidonda au ngozi uliyoinyoa kwa wembe muda mfupi uliopita.

Faida yake dhidi ya wembe ipo, ila si kubwa kama matangazo yanavyosema. Huyeyusha unywele hadi chini kidogo ya uso wa ngozi, hivyo huongeza siku moja mbili, na ncha inayorudi huwa laini badala ya kuwa na makali. Hilo la ncha lina uzito wake kwa wenye ndevu, kama tutakavyoona.

Upande wa kung'oa

Hapa bei ya kwanza ni maumivu. Yanapungua kadiri unavyorudia, lakini mara ya kwanza ya kwapa kwa mashine ya kung'olea si jambo la kupambwa kwa maneno. Mashine hizo zilianza kuuzwa mwaka 1986 kutoka Israeli kwa jina la Epilady, zikiwa na springi inayozunguka na kubana nywele; za sasa hutumia visahani vyenye vibano na zimepunguza ukali, hazijauondoa.

Bei ya pili ni subira. Nta inahitaji unywele wa milimita 5 hivi ili ipate pa kushika. Maana yake ni kwamba kati ya zamu moja na nyingine unaishi na nywele zinazoonekana. Mtu anayetaka miguu isiwe na unywele hata siku moja hafai kwa nta, hata akipenda vipi matokeo yake. Mashine ya kung'olea hukubali nywele fupi zaidi, na kibano hukamata chochote kinachoshikika.

Kati ya nta na sukari, mimi naipa sukari nafasi ya kwanza kwa anayefanya mwenyewe. Mchanganyiko wa sukari, maji na limau huoshwa kwa maji ukimwagika, na ukiwa umepoa hadi kuwa vuguvugu hauunguzi kama nta iliyopashwa kupita kiasi. Nta hushika nywele ngumu kwa nguvu zaidi, hilo siwezi kulikataa. Uzi ni wa uso tu: nyusi, juu ya mdomo, mashavu. Katika mikono iliyozoea, uzi hung'oa mstari mzima kwa usahihi ambao nta haiwezi, na hauchubui ngozi ya juu. Hiyo ni sababu ya kuupendelea kwa mtu anayepaka dawa za chunusi za kundi la retinoidi, kama tretinoini au adapalini. Dawa hizo huifanya ngozi ya juu kuwa nyembamba, na nta ikibanduliwa inaweza kuondoka nayo. Anayemeza isotretinoini asiguse nta kabisa, na baada ya kumaliza dozi asubiri miezi mpaka daktari wake amruhusu.

Nyusi ziendewe taratibu. Kung'oa mahali pale pale kwa miaka kunaweza kukiharibu kinyweleo, na kuna watu ambao nyusi zao nyembamba za ujanani hazikurudi tena. Hiyo hiyo ambayo kwenye mguu ingekuwa zawadi, usoni ni hasara.

Nywele zinazoota kwa ndani

Kama nywele zako ni za kipilipili, sehemu hii ndiyo inayopaswa kukuamulia kuliko maumivu au muda. Unywele uliojipinda tangu ndani ya ngozi ukikatwa kwa mshazari hupata ncha kali. Ukitoka, unapinda na kurudi kujichoma ndani ya ngozi ya jirani. Mwili huupokea kama mwiba. Hapo ndipo vipele vya ndevu huanzia, shingoni hasa, na nyuma yake huja madoa meusi na wakati mwingine makovu yanayovimba.

Kuna njia ya pili ambayo unywele hujichoma, na hii husababishwa na ule unyoaji wa karibu sana tunaousifu. Wembe wenye makali mengi hufanya kazi hivi: la kwanza huuvuta unywele juu, linalofuata hukata, na kisiki kinarudi chini ya uso wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha. Kwa mwenye nywele zilizojipinda, ncha hiyo hutoboa ukuta wa kinyweleo kabla hata haijatoka nje. Kuivuta ngozi kwa mkono wakati wa kunyoa, au kunyoa kinyume cha nywele, huleta balaa hilo hilo.

Je, kung'oa ndiyo dawa? Wengi hudhani hivyo, na huu ndio uamuzi mbaya ninaouona mara nyingi. Unywele mpya unaoota kutoka chini huja na ncha nyembamba, dhaifu, na hauna uhakika wa kupata njia ya kutokea. Ukiwa umejipinda unaweza kugeukia ndani kabla haujafika juu. Na mara nyingi nta au mashine haikuung'oa bali iliukatia katikati, chini ya ngozi, hivyo umepata hasara zote mbili kwa mkupuo. Ndevu za kipilipili zisinyonyolewe.

Kinachosaidia ni kukubali kutokuwa laini kabisa. Tumia mashine ya kunyolea inayoacha takriban milimita 1, au wembe wa kali moja, ukifuata nywele zinakolala na bila kuvuta ngozi. Wanaotaka ulaini zaidi hutumia poda au krimu ya kuondolea ndevu, kwa sababu ile ncha laini haichomi kirahisi. Ila si kila siku, ngozi ipewe siku kadhaa ipumzike. Vipele vikishatokea, acha ndevu ziote kwa wiki kadhaa. Unywele ulionasa unaweza kuuinua kwa sindano safi ili utoke, lakini usiuchomoe.

Kwenye miguu na kwapa mambo ni mepesi zaidi, na wapo wenye nywele zilizojipinda wanaong'oa huko bila tatizo lolote. Sugua ngozi taratibu kwa kitambaa siku mbili tatu baada ya kung'oa, si siku ile ile.

Leza na umeme

Zote mbili huhesabiwa upande wa "epilate", kwa kuwa shabaha yake ni kinyweleo. Ya zamani zaidi ni elektrolisisi. Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, aliielezea mwaka 1875 baada ya kuitumia kwa wagonjwa wa zile kope zinazogeukia ndani. Sindano nyembamba huingizwa kinyweleo kimoja kimoja na kupitishiwa umeme. Ni kazi ya kuchosha, lakini haijali rangi ya unywele wala ya ngozi, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, huiruhusu ijiite njia ya "kuondoa nywele kwa kudumu". Leza hairuhusiwi neno hilo la "kuondoa". Yenyewe hupewa "kupunguza kwa kudumu".

Leza hufuata melanini, rangi nyeusi ya unywele. Unywele mweupe au wa mvi haiuoni. Kwenye ngozi nyeusi mwanga huo huweza kukamatwa na ngozi yenyewe na kuiunguza, kwa hiyo uliza mashine ni ya aina gani: Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 huzama chini zaidi na ndiyo salama zaidi kwetu wenye ngozi nyeusi. Asiyeweza kukujibu swali hilo usimpe uso wako.

Hapa ndipo ile herufi d hugharimu watu pesa. Leza inahitaji mzizi uwepo, maana ndio unaobeba joto mpaka kwenye kinyweleo. Ukienda wiki mbili baada ya nta, vinyweleo vingi viko tupu na mwanga hauna cha kushika. Kwa hiyo wiki nne hadi sita kabla ya kila zamu usitumie nta, uzi, kibano wala mashine ya kung'olea. Lakini nyoa kwa wembe, tena utaambiwa unyoe siku moja kabla, ili joto lisipotelee kwenye nywele zilizo nje na kuunguza ngozi ya juu. Kunyoa ruksa, kunyonyoa marufuku.

Ningechagua nini, na wapi

Miguuni, kwa anayevumilia, kung'oa kunalipa: eneo ni kubwa, kunyoa kila baada ya siku mbili kunachosha, na ngozi ya mguu inastahimili. Kwapani ningejaribu zote mbili kabla ya kuamua, kwa sababu nywele za kwapa huota pande tofauti na wembe hulazimika kupita huku na huku. Mwenye kupata vipele kwa wembe huenda akatulia kwa sukari, na mwingine ikawa kinyume chake. Ndevu, nimeshasema. Kwa mwanamke mwenye nywele chache kidevuni, kibano kinatosha kama ni mbili tatu. Zikiwa nyingi, kunyoa ni salama kuliko kuzichimba kila asubuhi mbele ya kioo. Zikianza kuota ghafla na kwa wingi, huku hedhi ikiwa imevurugika, aende kwa daktari akapimwe homoni kabla ya kununua kifaa chochote. Malaika ya mashavuni, yale mepesi yasiyoonekana mpaka mwangani, ningeyaacha. Leza hasa isiyaguse, kwani usoni na shingoni kuna watu ambao imeyachochea yakawa nywele nene.

Sehemu za siri, punguza kwa mkasi au mashine. Anayetaka zaidi ya hapo atumie wembe mpya kwa uangalifu, asigawane na mtu, na akae mbali na krimu isiyoandikwa kuwa ni ya huko. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye kinga yake imeshuka, asing'oe eneo kubwa bila kumuuliza daktari: kila kinyweleo kilichofunguliwa ni mlango mdogo wa bakteria.

Na ukiwa unasubiri upasuaji, usifanye lolote kati ya haya nyumbani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inakataza wembe kabla ya upasuaji kwa sababu mikwaruzo yake huongeza hatari ya kidonda kupata maambukizi. Nywele ama huachwa, ama hupunguzwa kwa mashine ya kukatia pale tu zinapozuia kazi. Mwambie nesi hukunyoa, akuamulie yeye.

Anayehama kutoka wembe kwenda nta aache nywele ziote wiki mbili au tatu kwanza, na mara ya kwanza afanye sehemu ndogo, tuseme nusu ya mguu mmoja. Anayehama kutoka nta kwenda wembe hana cha kusubiri, anaweza kuanza hata kesho.